Orodha ya Mishikaki ya Kasulu na Kibondo

Jumatatu, 21 Juni 1976

Nimechokozwa. Hilo liandikwe kwanza.

Nilikuwa nimekaa nje ya ofisi ya kata na Felisiani, mwalimu mwenzangu wa kisomo. Yeye anafundisha watu wazima wa upande wa juu, mimi wa upande wa sokoni. Cheo kimoja. Tofauti ni kwamba yeye ana baiskeli na yumo kwenye kamati ya Sabasaba. Mimi sina baiskeli, na kamatini nimeachwa mwaka wa pili sasa. Hawakutoa sababu. Hawana.

Felisiani akasema safari hii kamati inataka muuza mishikaki mmoja tu uwanjani, maana mwaka jana walikuwa watano na moshi ukamfunika mgeni rasmi katikati ya hotuba. Akasema atampendekeza Hamis wa msikitini, kwani Kasulu nzima inajua hakuna kama Hamis. Nikamuuliza Kasulu nzima imejuaje. Imepima? Akacheka. Watu waliokuwa wakimngoja katibu nao wakacheka, hata wasiojua tunazungumza nini.

Basi. Nitaonja mishikaki ya kila muuzaji wa Kasulu, halafu Kibondo. Nitatoa maksi juu ya mia. Orodha nitaibandika kwenye ubao wa matangazo wa sokoni, na kamati itanijia yenyewe, kwa miguu. Huu ni utafiti.

Mke wangu Maximilla aliuliza maharage yatang'olewa na nani. Nikamwambia maharage hayana haraka. Akachukua kapu akaenda peke yake. Hilo nimeliweka akilini.

Jumanne, 22 Juni

Nimeanza na Tharsisi, nyuma ya kilabu cha pombe. Nyama ya mbuzi. Mbuzi mzee sana, aliyepitia maisha magumu. Kipande cha kwanza nilikitafuna tangu nilipokaa mpaka wateja wawili wakaja, wakala, wakaondoka.

Nilikuwa naandika huku natafuna. Tharsisi akaniuliza naandika nini. Nikamwambia naandika hali ya nyama. Akaitazama kalamu, akalitazama daftari, kisha akamwaga maji kwenye mkaa, akafunika nyama kwa gunia na kusema leo hauzi, anapumzika tu. Alidhani nimetumwa na bwana afya! Wateja waliokuwa wakingoja walinitazama vibaya. Nikawaeleza mimi ni mwalimu. Haikusaidia.

Tharsisi: 31. Kumi katika hizo ni za moto wake, kabla hajauzima.

Jumatano, 23 Juni

Hamis, karibu na msikiti. Kazi hii aliifundishwa na mjomba wake Bagamoyo, na mtu akisahau jambo hilo Hamis humkumbusha. Ukwaju, pilipili, mafuta yanadondoka. Lazima niwe mkweli hapa, kwani hakuna mwingine anayesoma daftari hili: ni tamu. 93.

Lakini Felisiani alikuwa amekaa palepale, baiskeli imeegemezwa ukutani, anakula kwa raha ya mtu ambaye amekwisha kushinda. Akaniuliza kwa sauti, mbele ya watu, kama nimeshaamini. Nikamwambia utafiti unaendelea.

Nimempunguzia Hamis maksi kumi na tano kwa sababu ya benchi. Linayumba. Mtu hawezi kuonja kitu sawasawa akiwa anayumba. Hamis: 78. Dhamiri yangu safi.

Ijumaa, 25 Juni

Adija, pale magari yanapopakia. Hili ni gumu kidogo.

Adija ni mwanafunzi wangu. Mwaka juzi alikuja darasani hajui kushika penseli, aliishika kama mshikaki. Siku alipoandika jina lake mara ya kwanza alilifunika kwa kiganja, kama litaruka. Mwaka jana akafaulu mtihani. Leo aliponiona alipiga goti, akafuta kiti kwa kanga na kusema, karibu mwalimu wangu. Akanichagulia mishikaki ya katikati ya moto.

Nyama yake anailaza kwenye papai bichi na ndimu tangu asubuhi. Haitafunwi. Inakubali yenyewe. Nilifunga macho. Nilipofumbua nilikuwa nimemaliza na kalamu imeanguka chini.

Tukazungumza. Akasema anayesimama uwanjani siku ya Sabasaba ndiye anayeitwa kwenye harusi na mikutano mwaka mzima. Alipokuwepo marehemu mumewe walikuwa wanaitwa wao. Tangu afe, watu wanakwenda kwa Hamis, si kwa ubaya, wamezoea tu kuzungumza na mwanamume. Hakuniomba kitu. Alikuwa anasimulia tu, anageuza nyama.

96. Hakuna ubishi.

Lakini nikimweka wa kwanza, Felisiani atasema nini? Atasema nimembeba mwanafunzi wangu. Atasema upendeleo. Utafiti wote utachafuka. Mtu mwenye haki lazima awe mkali zaidi kwa watu wake. Nimefikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Adija: 64. Ataelewa. Ni mtu mzima.

Jumapili, 27 Juni

Jana nilikwenda Kibondo juu ya lori la maharage, na leo nimerudi. Naandika nikiwa nimelala ubavu.

Kibondo yupo mmoja anayesifiwa, Leonidasi, mtu mrefu asiyecheka. Anachomea nyama kwenye spoki za baiskeli, anapachika kipande cha nyama, kipande cha kitunguu, kipande cha mafuta. Nilipomwambia nimetoka Kasulu kumpima aliuliza kwani Kasulu hakuna nyama. Nilikula spoki sita. Nzuri, si mbaya. Kama 80 hivi. Ila nimempa 94 akawa wa kwanza, na huu ndio ufundi wangu: Leonidasi hana ndugu Kasulu, hana rafiki Kasulu, wala hamjui Felisiani. Hakuna wa kunishuku.

Tumbo lilianza kabla hatujafika Busunzu. Lori lilisimama mara tatu kwa ajili yangu, ya nne dereva alikataa akasema nivumilie kama wanaume wengine. Abiria walitoa mashauri mengi. Mama mmoja alinipa kipande cha tangawizi, akaniuliza nimekula nini wiki hii. Nilipomtajia aliniongezea kipande cha pili.

Maximilla amenipikia uji. Hajasema neno. Nimemwambia ni mtikisiko wa lori.

Jumatatu, 28 Juni

Siku kubwa. Orodha imebandikwa saa mbili asubuhi, karatasi ya manila, wino mweusi kwa majina, mwekundu kwa maksi. Mwandiko ni mzuri. Naiandika orodha hapa kama ilivyo:

Wa kwanza, Leonidasi wa Kibondo, 94. Wa pili, Hamis, 78, benchi linayumba. Wa tatu, Rosa, 70. Wa nne, Adija, 64, nyama laini kupita kiasi. Wa tano, Tharsisi, 31.

Rosa anauza ndizi za kuchoma. Hana mishikaki. Lakini orodha ilikuwa na pengo kati ya 78 na 64, haikupendeza, na ndizi zake nilizionja.

Nilisimama kwenye kona ya duka la vitambaa kuona watu watakavyopokea. Walikuja. Wasiojua kusoma waliomba wanaojua wawasomee. Kisha Adija akaja na beseni la nyama kichwani. Mtu alitaka kumsomea, akamzuia kwa mkono. Akatua beseni. Akaweka kidole kwenye karatasi na kuanza, herufi kwa herufi, kwa sauti, kama nilivyomfundisha.

A-di-ja. Wa nne.

Akasoma sababu mpaka mwisho. Akarudi juu akamsoma Rosa. Akageuka, akaniona kwenye kona. Akaniuliza kama orodha ile nimeandika mimi.

Nikamwambia ni kazi ya jopo.

Akasema, "Mwalimu, hii jei yenye mkia mrefu ndiyo uliyonifundisha wewe. Mwandiko wako naujua kuliko wa mtu yeyote duniani, maana sikuwahi kujua mwingine."

Akajitwika beseni akaenda.

Nataka iandikwe kwamba alisoma vizuri mno. Hakukwama hata kwenye "kupita kiasi". Afisa wa elimu angekuwapo angeona matunda ya kazi yangu. Hilo hakuna aliyelisema.

Jumanne, 29 Juni

Kuna karatasi nyingine ubaoni. Ya daftari, imeandikwa kwa penseli, herufi kubwa, jei ina mkia mrefu, imebandikwa kwa ugali pembeni ya yangu. Hii hapa, sibadilishi kitu:

ORODHA YA WARA MISHIKAKI WA KASULU. Wa kwanza, Mwarimu Felisiani, anakaa, anakura, anashukuru. Wa piri, dereva wa rori. Wa tatu, bibi kipofu wa Murusi, anasifu hata moshi. Wa nne, mbwa wa Hamis, anangoja mpaka apewe. Wa tano, Mwarimu Kipriani, anakura huku anaandika, mate yanadondoka kwenye daftari.

Kipriani ni mimi.

Watu walikuwa wamejaa kuliko siku yangu. Tharsisi alikuwepo, na yeye hajawahi kuja kwenye ubao wa matangazo tangu ujengwe. Mtu akamsomea mara mbili.

Sikukimbia. Nilipita katikati yao nikatoa kalamu nyekundu. Kila palipo na ere badala ya ele nikasahihisha. Wala. Mwalimu. Anakula. Pili. Lori. Nikaandika chini: 8 juu ya 10, jitihada nzuri, angalia L na R. Nikatia sahihi.

Nilidhani nimemaliza jambo kwa heshima. Felisiani, aliyekuwa amesimama na baiskeli yake, akasema kwa upole kwamba mwalimu amesahihisha tahajia yote, na habari ya mate ameiacha kama ilivyo, kwa hiyo ni sahihi.

Vicheko vile vilisikika mpaka bomani.

Alhamisi, 1 Julai

Wamenigomea. Hawatasema wamegoma, lakini mimi naona.

Tharsisi akiniona tu anamwaga maji kwenye mkaa. Hamis ameniambia kwa adabu nyingi kwamba benchi lake bado halijatengenezwa na hangependa niyumbe. Rosa alikuja mpaka nyumbani kulalamika: tangu orodha itoke watu wanamwendea wanataka nyama, na akiwaambia ana ndizi wanamwita mwongo. Nikamwambia afurahi, amemshinda Adija. Akasema yeye na Adija wanakopeshana chumvi tangu wasichana, na mimi nimewakosanisha kwa nini? Akakataa kiti.

Saa kumi nikaenda darasani. Wanafunzi wangu ni ishirini na sita. Walikuja wanne, na mmoja wao alikuwa anamtafuta mbuzi wake. Nilifundisha hivyohivyo. Nilifundisha kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Kurudi nikakuta barua ya afisa wa elimu ya watu wazima. Anataka maelezo kabla ya Sabasaba kwa nini darasa ni tupu. Nikishindwa, darasa la sokoni litaunganishwa na la mwalimu Felisiani.

Darasa langu! Ule ubao niliubeba kichwani mwenyewe tangu misheni. Wale watu nimewashika mikono mmoja mmoja kwenye penseli.

Sitatetereka. Lakini chakula hakikushuka leo, na safari hii si tumbo.

Jumamosi, 3 Julai

Maximilla amevunja kimya chake asubuhi. Alisema, Baba Esteri, nenda kamwombe radhi yule mama, na usipeleke daftari.

Sikupeleka daftari. Niliandika barua. Kurasa tatu, pande zote mbili. Nilieleza historia ya utafiti, ugumu wa kutoa maksi, hatari ya upendeleo, suala la benchi, na mchango wangu katika kufuta ujinga wilayani. Barua nzuri. Naweza kusema ndiyo bora niliyowahi kuandika.

Adija aliipokea kwa mikono miwili. Binti yake Kudra akachukua upepeo. Adija akakaa, akasoma yote, kidole kikitembea, mimi nimesimama mbele ya jiko kama mtu anayengoja hukumu. Lori likaja likapakia likaondoka. Aligeuza ukurasa wa mwisho, akautazama nyuma, akarudi kwenye wa kwanza.

Akaniuliza, "Mwalimu, samahani iko ukurasa wa ngapi?"

Nikachukua barua nikatafuta. Nilitafuta kwa makini sana. Haikuwepo.

Nikamwambia imo katikati ya maneno, kwa ujumla. Akasema yeye ni mwanafunzi tu, anasoma yaliyoandikwa. Akanipa kipande cha mkaa na mfuniko wa debe, akasema niandike hapo, kwa ufupi, tusipoteze muda wa wateja.

Nikaandika: Makosa yametokea.

Akasoma. Akauliza yametokea wapi, na nani aliyeyatoa. Nikasema ni namna ya kusema. Akasema, "Ulitufundisha nafsi ya kwanza umoja, mwalimu. Inaanza na ni."

Watu walikuwa wameanza kusogea. Ningeweza kuondoka. Nilifikiria kuondoka. Nikamwona Kudra anapepea moto huku midomo yake inacheza, anasoma mfuniko kabla sijamaliza.

Nikaandika: Nimekosea. Wewe ni wa kwanza.

Alisoma mara moja tu, bila kidole. Akaegemeza mfuniko ule mbele ya jiko kila mpita njia auone. Kisha akanipa mshikaki mmoja. Macho yangu yalitoka machozi. Ni moshi, upepo ulikuwa unaelekea kwangu. Kudra anaweza kushuhudia.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Uwanja umejaa tangu saa moja.

Kamati imempa Adija nafasi. Felisiani ndiye aliyempendekeza. Anasema mtu anayeweza kumwandika hivyo mwalimu wake hawezi kuogopa mgeni rasmi. Sijui alimaanisha nini, wala sikumuuliza. Wanakisomo wangu, waliorudi darasani tangu ule mfuniko, walipita mbele ya jukwaa kwa mstari, ishirini na watano, wamebeba daftari. Mmoja bado anatafuta mbuzi. Afisa wa elimu aliwahesabu kwa kidole, akanitikisia kichwa. Darasa ni langu.

Saa tano likazuka jambo. Leonidasi wa Kibondo ameshuka kwenye lori na jiko lake, spoki zake na gunia la vitunguu. Dereva alikuwa amemwambia ndiye wa kwanza Kasulu nzima, imebandikwa. Akaomba aonyeshwe mahali pake. Kamati ikaniangalia. Nikaangalia bendera.

Leonidasi hakupiga kelele. Alisema tu amesafiri tangu alfajiri na mbuzi wawili amekwisha kuwachinja. Mwenyekiti akataka aondolewe. Adija ndiye aliyesogeza jiko lake akasema moto ni mpana, mgeni hawezi kurudishwa na nyama mbichi. Wakachoma pamoja mpaka jioni, yeye na papai lake, huyu na vitunguu vyake. Saa tisa hivi nilimwona Leonidasi akicheka. Nilidhani ana maumivu.

Mimi kamati iliniomba niwe nachota maji. Nilichota. Lakini ieleweke kwamba bila orodha yangu Leonidasi asingekuja, na watu wasingekula namna ile. Hakuna aliyenishukuru kwenye hotuba.

Alhamisi, 8 Julai

Nimeamka na nguvu.

Jana ziliimba kwaya tatu. Ya Kasulu mjini, ya misheni, na ya akina mama wa jumuiya yetu, ambamo Maximilla anaimba sauti ya pili. Watu walipiga makofi kwa zote sawasawa. Sawasawa! Hakuna aliyepima. Nimewauliza majirani wanne ipi bora, kila mmoja ametaja ya kwao.

Nimekaa tangu asubuhi na daftari. Pumzi, maksi ishirini. Kuanza pamoja, thelathini. Sare, kumi. Kwa haki, ya akina mama ilikuwa bora, tena kwa mbali; mpaka mgeni rasmi akasimama. Lakini watu watasema nini, mke wangu yumo?

Nimewapa 52. Wa tatu kati ya kwaya tatu.

Manila imebaki moja. Nitaibandika kesho mapema, kabla Maximilla hajarudi kutoka kwenye maharage.